Kiti Alichopewa Baryalai

Redio ilipotangaza kwamba mdogo wangu Baryalai amekuwa Mwenyekiti wa Seneti, wanaume wa kijiji walipiga risasi hewani mpaka kuku wangu wakasusa kutaga. Kondoo wakachinjwa. Mimi niliyemlea tangu mama yetu afariki nikavishwa maua shingoni kama bibi harusi, na uzee wangu huu.

"Spogmai, mtu wetu sasa yuko juu ya wote!" jirani yangu Gulmakai akanikumbatia. "Akikohoa tu, Seneti nzima kimya. Maji yetu yamepona."

Maji ndiyo roho yetu. Sisi hunywa na kumwagilia milozi kwa karezi, mfereji uliochimbwa na babu zetu chini kwa chini kutoka mlimani. Kampuni ya shaba ilitaka kuchimba visima virefu huko huko juu, na mswada wa kuiruhusu ulikuwa mbele ya Seneti. Visima vile vikianza kuvuta, karezi haina lake tena.

Baryalai, akiwa bado seneta wa kawaida, aliupinga mswada ule tangu siku ya kwanza, akasema mpaka sauti ikamkauka. Basi waliokuwa wakimzomea ndio hao hao waliompendekeza akae kitini. Sisi tukasema Mungu amelainisha nyoyo zao. Adui akikutandikia godoro, lifunue kwanza. Hatukulifunua.

Siku ya kura nyumba yangu ilijaa watu, macho yote kwenye televisheni.

"Tazama alivyonenepa!"

"Si kunenepa, ni lile joho."

Wenzake walisimama wakabishana, wakanyosheana vidole. Yeye na nyundo yake, neno lake lilikuwa moja tu: "Utulivu, waheshimiwa. Utulivu."

"Mbona hasemi?" Gulmakai akauliza. "Kameza ulimi?"

"Subiri wewe," nikamjibu. "Mkubwa husema mwisho."

Kweli alisema mwisho. "Walioafiki, arobaini. Waliokataa, thelathini na tisa." Akagonga nyundo. "Mswada umepita."

"Na kura yake yeye iko wapi?" Gulmakai akapiga kelele.

Mtangazaji akaeleza, kama anayesoma habari za mvua, kwamba mwenyekiti hachangii hoja wala hapigi kura, ila kura zikilingana tu.

Haji Zarin, mzee anayegawa zamu za maji mashambani kwetu, akaweka tasbihi yake chini.

"Wangeweka mtu wao pale," akasema, "wao wangepungua mmoja, sisi tukaongezeka mmoja. Wamempa kiti, wakachukua mkono wake."

Karezi ilianza kutoa matope, kisha ikatoa upepo. Sasa maji huja kwa lori, na yana chumvi.

Baryalai alikuja Idi iliyofuata, gari jeusi, walinzi mlangoni. Nilimngoja tubaki wawili.

"Ulijua hutapiga kura?"

"Nilijua, dada. Mwenyekiti ni wa wote, hana upande. Nilidhani waliobaki watatosha."

"Ulidhani, au ulikitaka kiti?"

Akaangalia viatu vyake. Utotoni nilikuwa nikimwuliza nani kala zabibu, naye akiangalia vidole vya miguu vivyo hivyo.

Alasiri wanaume wakakutana uani kwangu: milozi inayokauka ikatwe iwe kuni, au ingojwe baridi nyingine ipite, labda theluji irudishe maji? Walimpa Baryalai mto mkubwa, mahali pa heshima. Sisi wanawake tulisikiliza nyuma ya pazia.

"Wanaotaka ikatwe?" Haji Zarin akauliza. Mikono ikainuka, mingi, polepole.

"Wanaotaka tungoje?"

Ikainuka michache. Na wa Baryalai. Milozi ile ya mwanzo aliipanda na baba yetu, akiwa bado hajaota ndevu.

"Shusha mkono, mheshimiwa," Haji Zarin akamwambia, kwa adabu kabisa. "Kura hazijalingana."

Gulmakai akacheka, peke yake, kicheko cha kukwaruza. Uani hakuna aliyemtetea mdogo wangu. Nami nyuma ya pazia sikumtetea.

Mkono ukashuka.

Nikapeleka chai. Maji ya lori hayafichwi na sukari hata ukimwaga mfuko mzima. Nikaanza na yeye, maana ndiye mgeni. Akanywa mpaka chini. Nikamjazia tena.