Mpango wa Kutembea Juu ya Miti

Dada yangu mkubwa, ambaye sote nyumbani tunamwita Kak Long, alidanganya mbele ya wageni walioleta posa, kipande cha keki ya muhogo mkononi, na wala hakupepesa jicho.

Wageni wenyewe walikuwa Irsyad, kijana aliyetaka kumwoa Wardina, binti wa pekee wa dada. Baba yake, ambaye alikula sana na kusema kidogo. Na mama yake, Datin Marhamah. Yule baba alitunukiwa heshima ya Datuk na sultani wa jimbo lao, na mke wa Datuk huitwa Datin. Mume alikivaa cheo kama koti la kuazima. Mke alilala nacho na kuamka nacho.

Datin aliitazama nyumba yetu ya mbao ya mtaa wa Kampung Baru, akayatazama mapazia, kisha akamtazama dada kuanzia mabegani mpaka kiunoni, ambako alikawia kidogo. Akasema familia yao ni watu wa milima. Mwaka jana walikuwa Nepal.

"Na wewe, dada, unafanya mazoezi gani?"

Mazoezi ya Kak Long ni kutoka kwenye kochi kwenda jikoni, na harudi mikono mitupu.

"Mimi kila Jumapili niko Bukit Nanas," alisema. "Naingia msituni, napanda mpaka kule kwenye madaraja ya juu ya miti. Nisipoenda, mwili wote unaniuma."

Bukit Nanas ni kilima cha msitu wa mvua katikati ya Kuala Lumpur, chini ya mnara mkubwa, kimezungukwa na mahoteli na magari. Ukiwa jikoni kwa dada unakiona. Kak Long amekiona tangu azaliwe, na hajawahi kutia mguu. Mimi nilipaliwa na chai. Mumewe, tunayemwita Abang Long, mstaafu wa posta na mtu mpole, aliacha kutafuna akamgeukia mkewe kama mtu aliyeambiwa kwamba ana mke mwingine.

"Vizuri sana," Datin akasema. "Basi utatuongoza. Mwezi ujao, Jumapili moja, familia zote mbili. Watu mkipanda pamoja ndipo mnajuana."

Wageni walipoondoka, Wardina alianza kukusanya vikombe bila kumtazama mama yake.

"Mama, mpigie simu umwambie ulikuwa unatania."

"Datin hataniwi."

"Basi mwambie ukweli."

"Ukweli nitamwambia mkishaoana. Wakati huo hata akiujua atafanya nini?"

Hivyo ndivyo mpango ulivyoanza. Nimeona watu wakipanga harusi, mazishi na safari ya Makka, lakini sijaona kitu kikapangwa kama yale matembezi, ya mahali palipo karibu kuliko soko tunaponunua samaki. Kila jioni tuliitwa kikaoni. Kak Long alikaa kwenye kochi, sisi tukakaa chini.

Tulianza na viatu. Alinunua vya kupandia mlima, vizuri, vyekundu. Tatizo vilikuwa vipya, na mtu anayepanda kila Jumapili hana viatu vipya. Akamwambia mumewe avivae avizungushe mtaani. Abang Long ana miguu mikubwa kumpita. Alijaribu, akafika kwa jirani, akarudi kavibeba mkononi. Ndipo Kak Long akatoa msasa na kuvikwangua mwenyewe hapo sebuleni, kisha akavichovya kwenye udongo wa vyungu vya maua. Vilitoka kama viatu vilivyofukuliwa.

Ikaja miti. Alitaka majina. Wardina alikataa kumsaidia, kwa hiyo mimi nikamtafutia picha kwenye simu, na yeye akawa anakariri huku anakaanga samaki. Mwisho wa wiki alijua jina moja, meranti, na akaona linatosha.

Chakula nacho kilileta ugomvi. Yeye alitaka wali wa nazi na sambal, ile pilipili ya kusaga, na kuku wa kukaanga, na mayai, na tikiti maji.

"Kule kuna tumbili," Abang Long alisema. "Watakunyang'anya."

"Umejuaje? Umewahi kwenda?"

"Sijawahi. Lakini na wewe hujawahi."

"Mimi naenda kila Jumapili," Kak Long akajibu, na jinsi alivyosema, nadhani kufikia hapo alikuwa keshaamini.

Mimi nilimpa ushauri ambao mtoto yeyote angempa. Nikamwambia, Kak Long, twende mara moja tukaangalie. Tupande, tushuke, basi, utakuwa huongopi tena sana.

"Nikionekana je?"

"Na nani?"

"Na mtu anayenijua. Ataniuliza nimefuata nini huko."

Nilimbembeleza wiki nzima. Hatimaye akakubali twende Jumanne, kavaa miwani myeusi kama mke anayemfumania mtu. Tukakodi gari kwa mwendo ambao paka angeutembea. Tulipofika karibu na lango, mvua ikaanza kudondoka, matone ya kuhesabika. Kak Long akatazama juu, akasema msitu ukilowa unateleza, wazoefu hawaingii. Tukaishia kwenye duka la barafu ya nazi na sukari nguru. Alikula bakuli mbili, akasema sasa walau njia anaijua.

Upande wa pili nao walikuwa wanapanga. Irsyad ndiye aliyekuwa anatuletea ujumbe. Ni kijana mzuri wa sura, mhasibu, ana adabu mpaka unachoka. Kila sentensi yake ilianza na "Mama amesema." Mama amesema tusianze mapema sana, ana mtu wake wa kumkanda. Mama amesema jua la saa sita halimfai. Mama anauliza huko juu kuna choo. Siku moja akaja akasema mama anauliza gari linaweza kufika umbali gani na lile daraja.

Nikamwambia Wardina, mtu aliyepanda Nepal anaulizaje gari linafika wapi?

"Mak Su, mimi mwenyewe nimejiuliza," alisema. Mimi ni mama yake mdogo, ndiyo maana ananiita hivyo. "Lakini Irsyad nikimuuliza anasema niulize mama yake."

Jumapili ikafika. Datin alishuka kwenye gari na fimbo mbili za kupandia milima, kofia ya kamba kidevuni, na buti za kukanyagia theluji. Joto lilikuwa la kumfanya mbwa alale barabarani. Datuk alisema ana gazeti la kumalizia, akabaki na dereva kwenye kiyoyozi. Yule mzee nilimdharau siku ile. Sasa namheshimu.

Kak Long alitangulia. Ngazi za mwanzo alizipanda kwa fahari. Zilizofuata alizipanda kwa mdomo wazi. Kila alipoishiwa pumzi alisimama na kutuonyesha mti.

"Huu ni meranti."

Tukapanda tena. Akasimama.

"Na huu, meranti. Wa kike."

Irsyad, masikini, anasoma kila kilichoandikwa. "Samahani, Makcik," alisema, kama vijana wetu wanavyowaita mama wa makamo, "hapa kwenye kibao wameandika jelutong."

"Walibadilisha vibao wiki iliyopita," Kak Long akamwambia, na Irsyad akaitikia kwa kichwa.

Datin alikuwa nyuma. Fimbo moja ilikuwa imenasa kwenye mizizi mara mbili, na nyingine alikuwa amempa mwanawe aibebe. Uso ulikuwa umeiva. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tupumzike, hivyo wakawa wanasifia. Mmoja akisimama kusifia ndege, mwenzake anasimama haraka kusifia ndege huyohuyo. Hakukuwa na ndege.

Tukafika kwenye daraja. Limening'inizwa kwa nyaya toka mnara hadi mnara, nyavu pembeni, mbao chini, na chini ya mbao majani tu mpaka huwezi kuona ardhi. Abang Long alivuka kama anaelekea msikitini, akasimama upande wa pili kutusubiri. Wale wamama wawili walifika mdomoni mwa daraja wakaganda.

"Karibu, Datin, tangulia."

"Hapana, dada, wewe ndiye mwenyeji."

"Mwenyeji hampiti mgeni."

"Lakini kiongozi anakaa mbele."

"Sipendi kukuonyesha mgongo, Datin."

"Mimi sijali mgongo."

Foleni ikakua nyuma yetu. Kulikuwa na Wazungu wenye kamera, na familia ya Kitamili na watoto wao, na mzee mmoja wa Kichina, kaptula na chupa ya maji, ambaye bila shaka ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumapili kweli. Akavumilia, akavumilia.

"Akina mama," alisema, "tunavuka, au tunapeana heshima mpaka sikukuu?"

Watu wakacheka. Kak Long hawezi kuchekwa. Akakanyaga ubao wa kwanza, akaenda, mikono yote miwili imeshika nyaya, mdomo unasoma dua. Datin naye aibu ikamsukuma nyuma yake. Walipofika katikati daraja likayumba, si sana, kama kitanda cha kamba mtu akijigeuza. Kak Long akakaa. Hakuanguka, alikaa, miguu mbele, kama yuko kochini. Datin kufika pale, hakuwa na pa kupita, naye akakaa. Mabesan watarajiwa, kama tunavyowaita wazazi wa bwana na bibi harusi, juu ya msitu wa mvua, magoti yanagusana.

"Mama," Irsyad akaita kutoka mwanzo wa daraja, "nije?"

"Subiri kwanza."

Akasubiri. Baadaye kidogo:

"Mama, sasa nije?"

"Nimesema subiri. Ukija daraja litazidiwa."

Akasubiri, fimbo ya mama yake mkononi. Wardina alimtazama. Mimi nilikuwa namtazama Wardina. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma maandishi madogo aliyoyaruka mara ya kwanza. Kisha akamsogeza Irsyad kando kwa mkono, taratibu, akaingia darajani mwenyewe.

Alichokikuta huko alinisimulia baadaye.

"Dada," Datin alikuwa anauliza, macho kayafumba, "hapa ndipo unapokuja kila Jumapili?"

"Hapa hasa, hapana."

"Wapi, basi?"

"Sijawahi kuja popote, Datin. Nakiona hiki kilima nikiosha vyombo."

Datin akafumbua jicho moja. Halafu akasema, "Mimi Nepal niliumwa tumbo. Safari nzima nilikuwa hotelini. Mlima nimeuona kwenye kadi."

Wardina anasema walianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha wakashikana mikono na kucheka mpaka daraja likaanza kuyumba upya, wakaacha wakaanza kulia. Akawainua. Mama yake alimshika bega, Datin akashika mkanda wa begi lake, akawatoa kinyumenyume mpaka kwenye mnara tuliposimama. Irsyad alimpokea mama yake, akampa fimbo.

Tulipofika chini kwa Datuk, nilitegemea walau ukimya. Badala yake Datin alifungua kifurushi cha wali wa dada na kusema, "Upepo wa huko juu usiseme."

"Mkali," Kak Long akadakia. "Lakini Datin ana moyo. Alivuka kama simba."

"Dada ndiye aliyenionyesha pa kukanyaga."

Nikamtazama Abang Long, ambaye alikuwa amesimama peke yake upande wa pili wa lile daraja muda wote. Akachukua paja la kuku.

Siku iliyofuata Wardina alivua pete aliyovishwa siku ya posa, akaiweka mezani mbele ya mama yake.

"Kwa kosa gani?" Kak Long alimuuliza. "Kijana hapigi, havuti, hanywi. Ana kazi."

"Mama yake alikuwa amekwama darajani, naye anauliza kama aje."

"Si adabu hiyo?"

"Mama, mimi siku nikikwama nitakuwa nimekaa na nani? Na yeye, au na mtu anayesubiri kuambiwa?"

Kak Long alilia kwa siku kadhaa, akasema binti amemwaibisha, ndugu watasema nini. Nilijua pia Datin angetema moto. Alitema, kwa simu, nusu saa nzima. Kisha sijui iligeukaje, nikasikia dada anacheka sebuleni, na Jumapili iliyofuata gari la Datin lilikuwa limesimama nje. Tangu hapo hawaachani. Harusi haipo, lakini mabesan wapo. Wamenunua ramani ya mlima Kinabalu, wanaitandaza mezani, wanakula juu yake. Mwezi huu wanabishana kuhusu soksi.

Irsyad alikuja mara moja zaidi, kurudisha sinia za zawadi za uchumba, peke yake, kwa sababu mama yake alikuwa na miadi na Kak Long. Wardina alikuwa kazini. Abang Long akamkaribisha jikoni, akampakulia wali na samaki. Kijana alikula kichwa chini.

"Pakcik," akasema mwishoni, kama anavyoitwa baba wa makamo, "kwani pale ningefanyaje?"

"Ungeingia."

"Mama alinikataza."

"Alikuwa anaogopa. Mtu anayeogopa humsikilizi, unamshika mkono."

Irsyad alifikiri sana. Nilikuwa nakatia maua dirishani, nikaacha ili nisikie.

"Sasa, Pakcik unaonaje? Nikimfuata Wardina kazini leo, nizungumze naye mwenyewe? Naruhusiwa?"

Abang Long alimtazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona hata kwa wagonjwa.

"Unaniuliza mimi?"

Kijana akatahayari mpaka masikioni. Akageuzageuza kijiko. Kisha akasogeza sahani yake mbele na kuuliza, kwa adabu, kama sambal bado ipo.