Chumba Kilichomstahi Mgeni

Kwa jina la Mola Mwenye Wasaa, aliyeitandaza ardhi bila kuipimia kamba na akamjaalia kila kiumbe pahala pa kuweka ubavu, tunaanza. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyewafunza watu haki ya jirani na haki ya mgeni.

Waliomo katika habari hii ni wachache, na ni vyema wajulikane kwa mpango. Wa kwanza kwa umri ni Bi Mwanakhamis, mjane wa Malindi ya Unguja, aliyefika Birmingham mwaka 1965 akiwa na sanduku moja na kifua kizima. Wa pili ni mwanawe, Ussi, mkaza nati katika kiwanda cha magari cha Longbridge. Wa tatu ni Shemsa, mke wa Ussi, ambaye aliyaona haya kwa macho yake. Wana watoto watatu, na mkubwa wao ana miaka tisa. Nyumba ya pili anakaa Gurdev, seremala aliyetoka Kisumu. Na hospitalini, upande wa Bordesley Green, yuko Kerubo, muuguzi wa Kikisii. Wa mwisho ni Bwana Perks, mkaguzi wa ofisi ya makazi ambayo jina lake tunalisitiri, si kwa kuistahi, bali kwa kuuhifadhi ulimi.

Ijumaa moja ya Februari 1972, Shemsa alitandika miswala katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Saltley. Kwa miaka saba chumba kile kilikuwa kikichukua miswala mitano, ubavu kwa ubavu. Siku ile kilichukua minne. Aliupima wa tano kwa shibiri, akaona haukuongezeka. Basi akaukunja na kuuweka juu ya kabati.

"Chumba kimepungua mswala mmoja," alimwambia Ussi aliporudi kazini.

"Kwa upande gani?"

"Wa dirishani."

Ussi alikwenda akausukuma ukuta kwa kiganja. Karatasi ya ukutani ilikuwa imevimba maji, na kiganja kikatoka na utelezi mweusi wa kuvu, wenye harufu ya tambara lililosahauliwa ndooni. Akanawa mara tatu, kisha akaketi kula.

Gurdev alipopewa habari hakusimamisha randa yake. "Yangu ilianza jikoni, mama, mwaka sitini na tisa. Nikakata miguu ya meza, halafu nikakata miguu ya viti. Sasa tunakula chini kama maharaja."

"Na mwenye nyumba anasemaje?"

"Anasema ni hali ya hewa." Gurdev akapuliza vumbi la mbao. "Lakini yeye hali ya hewa yake iko sawa."

Kilichomsumbua Shemsa hakikuwa kupungua kwa chumba. Ni kwamba chumba kile ndimo alimokuwa akilala Bi Mwanakhamis pamoja na yeye na mumewe, na Bi Mwanakhamis alikuwa hospitalini tangu Januari. Kila alfajiri, kabla hajachukuliwa, konokono wasio na magamba walikuwa wakipanda mto wake na kuacha mistari ya ute hadi karibu na mdomo. Makohozi yake yalikuwa meusi, weusi ule ule wa ukuta, na daktari aliyaweka ndani ya kichupa akakiandika tarehe.

"Dada Shemsa, sikiza," Kerubo alimwambia kwenye ukumbi wa wodi. "Kitanda kinatakikana. Daktari amesema Mama atarudi kwenu kukiwa na barua ya ofisi inasema mmepewa nyumba kavu. Kama hakuna barua, mwisho wa Machi anapelekwa makao ya wazee, kule nje ya mji."

Bi Mwanakhamis alikuwa amesikia. "Huko nani atanitia udhu?" aliuliza. "Nani atanielekeza kibla? Na watanilisha nini, mwanangu? Nirudisheni kwangu, hata mkinilaza chini ya ngazi."

"Utarudi kwako, mama," alisema Shemsa. Na neno hilo alilitoa kwa nia ya kulitimiza.

Siku ya kuja mkaguzi ikapangwa. Sasa Shemsa alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mgeni haonyeshwi ufa. Alfajiri ile aliwakamata konokono mmoja mmoja kwa kijiko, akawatia chumvi. Akakwangua kuvu, akapaka chokaa, akatundika shuka la darizi pale palipokuwa pakitiririka. Akafukiza udi hata nguo za watoto zikanukia. Akasonga halwa, akachemsha kahawa ya tangawizi, akavaa kanga ambayo haijafuliwa bado.

Mlango ulipobishwa, chumba kilisikia. Kwa miaka saba kilikuwa kimeishi na watu wale na kimejifunza adabu zao. Kuta zilirudi nyuma hatua moja moja, bila kelele, dari ikanyanyuka, maji yakajivuta ndani ya matofali, na Bwana Perks alipoingia akakuta chumba kikavu, cheupe, kinachochukua miswala mitano.

"Pazuri hapa, bab," alisema, kama watu wa mji ule wanavyomwita kila mwanamke. Alipima futi kumi na mbili kwa kumi na moja. Alikula halwa vipande vinne, akajipangusa vidole vyenye samli kwenye lile shuka la darizi, akaandika: safi, ya kuridhisha, hakuna dharura.

Alipofunga mlango, chumba kilishusha pumzi na kurudi kilikokuwa. Kwa sababu ya kuchoka, kilipitiliza kidogo. Jioni ile kilichukua miswala mitatu.

"Umemkirimu mno," Ussi alisema.

"Ulitaka aingie kwangu asikie uvundo? Akatangaze mjini kwamba mke wa Ussi halali ila na konokono?"

"Ndiyo, mke wangu. Hilo ndilo tulilomwitia."

Kerubo alipoelezwa hospitalini alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. "Dada, wewe umempangia yule mtu Idi! Na hicho chumba chenu kinakufuata wewe. Aitwe tena. Akija usipike, usifagie, usimwambie hata karibu. Wacha aone vile kuko."

Ilichukua wiki mbili kumwomba aje tena. Shemsa alikwenda mara tatu kwenye ile ofisi, yenye mabomba ya joto hata penye ngazi, na sakafu iliyosuguliwa hata uso wa mtu ukaonekana ndani yake. Aliketi kwenye benchi pamoja na wanawake wengine, Waailandi, Wapunjabi, Wajamaika, na Waingereza wa hapo hapo, kila mmoja ameshika karatasi yenye namba. Nyuma ya kioo makarani walikuwa wanakata keki, kwa kuwa mmoja wao alizaliwa tarehe kama hiyo. Krimu ilimganda karani masharubuni, naye kwa mdomo ule ule akawaambia kwamba nyumba hazipo. Mji ule ulikuwa unayatema magari usiku na mchana kuyapeleka duniani kote, na hakuna hata gari moja lililotoka likiwa na unyevu.

Mara ya pili Shemsa hakufagia. Jambo hilo lilimtia homa. Aliyaacha masufuria na ukoko wake, akawaacha konokono kwenye mto, na mlango ulipobishwa aliufungua bila kusema neno, akausimamia huku amekaza meno. Chumba kilimtazama yeye, kikaona hakuna mgeni, na hakikujinyoosha.

Bwana Perks hakushangaa. Alivua kofia, akapiga magoti, akaingia kwa kutambaa, maana dari ilimfika mtu kifuani. Suruali ilimlowa magotini. Konokono alimdondokea shingoni, naye akamtoa kwa ncha ya kalamu, kisha akaendelea kuandikia kalamu hiyo hiyo. Alipima futi sita kwa saba. Shemsa, aliyeinama mlangoni, alihisi moyo wake ukifunguka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Sasa umeona," alisema.

"Nimeona," alijibu Bwana Perks, akafungua kitabu cha kanuni juu ya paja. "Futi arubaini na mbili za mraba. Chini ya futi hamsini, bab, si chumba."

"Ndivyo nisemavyo. Si chumba."

"Na kisichokuwa chumba hakilaliwi. Kwa hiyo hapa halali mtu."

"Nalala mimi. Analala mume wangu. Alikuwa akilala mama yake."

"Kitabu kinasema sifuri." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa kipimo cha dawa. "Kinabaki chumba cha juu cha watoto, kinachotosha watu wawili. Watoto wako wako chini ya miaka kumi, na kila mmoja huhesabiwa nusu; watatu ni mtu mmoja na nusu. Yaani nyumba hii ina nafasi ya ziada ya nusu mtu."

Shemsa akauliza, "Na bibi aliye hospitalini?"

"Hana chumba hapa, basi si wa nyumba hii. Nitamfuta." Akamfuta, kwa mstari mmoja ulionyooka; alikuwa na mkono mzuri. Aliporudi nyuma kwa kutambaa na kusimama ukumbini, alijipangusa magoti na kutazama upande wa jikoni. "Ile tamu ya safari ile haipo tena?"

Halwa ilikuwemo kabatini, ndani ya bakuli lenye kifuniko, amewekewa Bi Mwanakhamis.

"Haipo," alisema Shemsa. Hajapata kumnyima mtu chakula kabla ya siku ile.

Barua ilifika baada ya siku nne. Ilikuwa na mhuri mzuri, na ilisema kwamba familia haina msongamano. Tarehe thelathini Machi Bi Mwanakhamis alipakiwa ndani ya gari la hospitali pamoja na wazee wengine wawili. Kerubo alimfunga mtandio vizuri na kumfichia tasbihi ndani ya soksi, kwa sababu huko walikokuwa wakienda vitu vya mkononi huchukuliwa kwa usalama. Chumba cha nyuma kiliendelea kupungua kwa taratibu yake. Kufikia Aprili kilitosha viatu vya watu watano, na Shemsa akavipanga humo. Yeye na Ussi wakahamia jikoni. Kodi ya vyumba viwili iliendelea kuchukuliwa kila Jumamosi, naye mchukuaji alisimama nje ili asichafue viatu vyake.

Jumapili ya kwanza ya ruhusa, Shemsa na Ussi walipanda mabasi mawili hadi makao ya wazee. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia kwa zamu, na Ussi akamtanguliza mkewe. Njia ya ndani ilinuka kabeji na mkojo, na pembeni mwake wazee wa Kiingereza walikaa mstari kwenye viti vilivyotandikwa karatasi ya mpira, wakiitazama sakafu. Nao pia walikuwa watu wa mji ule, waliufulia vyuma na kuuzalia watoto.

Mlango wa Bi Mwanakhamis ulikuwa na kioo. Shemsa alichungulia kabla ya kubisha. Bibi alikuwa amelala juu ya shuka lililolowa, amepungua hata akawa kama mtoto wa miaka saba, na kuta zilikuwa zimemkaribia kitandani pande zote. Sahani ya nyama ya nguruwe ilikuwa kifuani pake, imeganda mafuta meupe.

Shemsa alibisha.

Ndani, Bi Mwanakhamis alisikia. Akajinyoosha. Miguu yake ikarefuka hadi ikagusa sakafu, shuka likakauka na kuwa jeupe, kuta zikarudi nyuma, na sahani ikawa imeshaingia chini ya kitanda.

"Karibu, mwanangu, karibu!" alisema, amekaa wima, mtandio umetulia kichwani. "Pita ndani. Kaa. Hapa ni raha tupu, usione."

"Wanakupa chakula, mama?"

"Wali kila siku. Na samaki." Akatoa chini ya mto biskuti mbili alizoziweka tangu Jumatano, akazipangusa, akamtengea mgeni wake. "Kula. Umetoka mbali."

Shemsa aliijua adabu ile, na alijua kwamba mwenyeji havuliwi nguo mbele ya uso wake. Akala biskuti zote mbili, akashukuru. Walizungumza habari za watoto hadi kengele ilipolia.

Nje, Ussi alikuwa akingoja kituoni, amejikunyata. Zamu yake ilikuwa imeliwa na kengele.

"Yu hali gani?"

"Amenikaribisha vizuri," alisema Shemsa, na basi likaja.

Ewe Mola Mwenye Wasaa, wapanulie waliobaki: walio jikoni na walio vitandani, walio kwenye benchi na karatasi zenye namba, na walioandikwa nusu na walioandikwa sifuri. Wape pahala pakavu pa kusujudu, na uwape kesho ya kuamkia. Amin.