Gauni Lisilofunguka

Naomba niseme mapema: nimechoka. Nimechoka na Bwana Asali, mwimbaji wetu, nimechoka na meneja, na wiki ile aliyenichosha kupita wote ni mtoto wa dada yangu.

Mimi ndiye fundi wa nguo wa jumba la maonyesho. Enzi hizo redio ilikuwa kwenye nyumba chache, na kila penye redio paliimba Bwana Asali. Watu wazima na ndevu zao walilia. Ila wanenguaji wetu walijua kwamba ukiitwa chumbani kwake kwa mazoezi, hakuna mazoezi. Magazeti hayakugusa mambo hayo. Sisi tulisema tu, "Ndivyo alivyo," tukaendelea na kazi.

Dawa niliibuni mimi. Magauni ya wanenguaji sikuyawekea zipu wala kifungo. Msichana akishavaa, namshona humo humo, mgongo mzima, uzi mara mbili. Wa kulifungua ni mimi na mkasi wangu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Sasa mpwa wangu akaajiriwa. Sauti anayo, miguu anayo, na mdomo pia anao. Nikamwambia ageuke nimshone.

"Mama mdogo, kwani mimi ndiye ninayeshika watu?"

"Geuka, tunachelewa!"

"Mbona nishonwe mimi, yeye asishonwe?"

Jamani, mtoto huyu! Nikamwambia wenzake wote wanashonwa, yeye nani? Akanitazama kwa huruma, jambo lililonikera zaidi.

"Kipepeo unadhani alianguka kwenye ngazi? Gauni lilikataa kufunguka. Bwana Asali akampiga."

Kipepeo ndiye mnenguaji wetu wa mbele. Ule mdomo uliopasuka niliukanda kwa maji ya moto mimi mwenyewe, huku nikimgombeza aangalie anapokanyaga.

Mpwa wangu akavaa nguo zake, akaenda moja kwa moja kwa mwandishi wa gazeti, akamweleza yote. Kesho yake likatoka: MNENGUAJI ATAFUTA UMAARUFU KWA MGONGO WA BWANA ASALI. Tiketi za onyesho la alasiri zikaisha kabla ya saa sita. Meneja akaja kwangu anachekelea, eti gazeti limetutangaza bure.

"Mpwa wako asikanyage tena hapa. Hao wengine washone upesi, Bwana Asali anawataka chumbani."

Wasichana walikuwa wameshapanga foleni, migongo wazi, wamezoea. Wa kwanza Kipepeo. Nikatunga uzi. Akageuza shingo kidogo kuniangalia, nikaliona lile kovu mdomoni. Mkono ukagoma.

Mara mlango ukafunguliwa, Bwana Asali huyo, koti begani.

"Fundi, mbona mnanichelewesha?"

"Ingia, bwana. Tunaanza na wewe. Geuka."

Akacheka sana, ile sauti yake tamu. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Kipepeo akavua gauni, akaliweka mezani, akajifunga kanga yake. Wa pili akavua, na wa tatu, mpaka meza ikajaa. Ukumbini watu walianza kupiga makofi wakimwita kwa jina, na bila wanenguaji pazia halifunguliwi.

Meneja akachungulia, akaona meza, akashika kichwa. Bwana Asali akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Sasa fundi, unataka nini?"

"Nimeshakwambia," nikasema. "Geuka."