Harufu Iliyopanda Ngazi

Harufu ilikuja tena mchana, mvua ilipokatika. Eufrasia alikuwa amekaa sakafuni, kokwa ngumu ya tagua, tunda la mti mfupi wa makuti kama mnazi, ameibana kati ya nyayo zake, anachonga chura. Harufu ikapanda polepole kutoka chini ya nyumba, tamu, nzito, mpaka akahisi anaimeza.

"Umekuja, malaya wee," akasema bila kuinua macho.

Nyumba yake, kama zetu zote huku mtoni, kwenye misitu ya Darién, imeinuliwa juu ya nguzo, na ngazi yake ni gogo moja lililochongwa vidato. Ukiligeuza vidato vikatazama chini, umeshasema hutaki mgeni, awe mtu au mzimu. Tangu mumewe Arcenio afe, miaka kadhaa nyuma, Eufrasia aliigeuza ngazi kila siku. Harufu haikujali.

Na aliijua, tena sana. Ndiyo ile iliyokuwa kwenye shati la mumewe miezi ya mwisho. Arcenio alikuwa akipanda mto kwa mtumbwi, kesho yake anarudi hoi, anachekacheka peke yake, shati linanukia marashi. Na huko juu anaishi nani? Ninfa, mjane mwenye nywele za kiunoni. Eufrasia hakuuliza. Kwao pwani, kwenye mikoko, mwanamke hamuulizi mumewe, ananuna. Akanuna mpaka siku moja akapasuka. Arcenio alikuwa anashuka ngazi na kasia begani.

"Nenda kwa huyo anayekupaka marashi!" akampigia kelele. "Na usirudi!"

Arcenio akasimama. Kisha akacheka.

"Nikirudi nitakuonyesha kitu," akasema. "Na utaona haya, mke wangu."

Jioni ile mto ukafurika. Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye mawe, na yeye alikutwa chini zaidi.

Msibani Eufrasia hakudondosha chozi. Shati alilitia motoni. Watu wakasema huyu ana jiwe kifuani, nao wapumbavu, hawakujua anachokibeba. Lile neno "usirudi" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kujua jambo moja tu: alimlaani mzinzi, au alimlaani mtu asiye na kosa? Maiti hajibu. Harufu nayo ilikuja tu, ikakaa, ikaondoka.

"Shemeji! Hebu geuza ngazi, mimi si mzimu!"

Alikuwa Leovigildo, mdogo wake Arcenio, anaita kutoka chini.

"Mzimu nao ungesema hivyo hivyo," Eufrasia akajibu.

"Mzimu hauna njaa. Ndizi zimeiva?"

Eufrasia akaigeuza ngazi. Leovigildo akapanda, akabwaga kikapu. Zikamwagika kokwa za tagua, kubwa, za kahawia, nzito kama mawe ya mtoni. Ukizimenya, ndani ni nyeupe kuliko pembe ya ndovu, na hakuna mnyama aliyekufa wala mti uliokatwa. Tagua huokotwa ikidondoka yenyewe.

"Umezitoa wapi?"

"Shambani kwako."

"Usinitanie. Lile shamba tasa?"

Kweli lilikuwa tasa, na aliyelifanya tasa ni Arcenio mwenyewe. Enzi anaijenga nyumba hii, kijana mwenye haraka ya kuoa, alitaka majani ya kuezekea. Badala ya kuchuma jani hapa na jani pale, akaifyeka mitagua dume yote. Dume halizai, akasema, ni kama mpapai dume, la nini? Wazee walipiga kelele, lakini nani amsikilize mzee siku za uchumba? Majike yalibaki yanasimama bila mimba mwaka baada ya mwaka. Eufrasia alipoletwa kutoka pwani alikuta nyumba imeshaezekwa. Mtagua dume hakuwahi kuuona.

Wakaenda. Matunda yalikuwa yametapakaa chini, kila moja kubwa kama kichwa cha mtu, lina miiba, mengine yamepasuka.

"Haya, mabibi," Leovigildo akaiambia mitagua, "nani aliyewapa mimba? Semeni, hatupigi mtu."

Mti ulikuwa mfupi. Akaingiza mkono katikati ya makuti, akapapasa, akavuta kitu kirefu, kikavu, kama mkia wa ng'ombe. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Akaitazama ile kamba, utani ukamwisha mdomoni.

"Hili fundo ni la kaka. Baba alitufundisha sisi wawili tu, la kufungia mtumbwi." Akaenda mti wa pili, wa tatu. Kila jike lilikuwa na mkia wake. "Ua la dume, shemeji, ndilo linalowapa majike mimba. Madume yamebaki huko juu tu, upande wa kwa Ninfa. Kumbe ndizo safari zake zile! Mimi nikidhani anawinda. Na tunda hili linakaa miaka mtini kabla ya kudondoka, ndiyo maana alinyamaza. Alitaka uyaone matunda kwanza."

Eufrasia alikuwa ameshika shina la mti.

"Hilo ua," akauliza, "lina harufu?"

"Harufu? We acha! Ukilipakia mtumbwini, shati linanukia wiki nzima, hata ulifue kwa jivu. Mama alikuwa akimlaza baba nje kwa... Shemeji? Shemeji, kaa chini."

Hapo ndipo alipolia, kilio cha msiba uliokwisha zamani, amekaa juu ya miiba ya matunda bila kuisikia, akiupiga mdomo wake kwa kiganja. Leovigildo hakujua kosa lake, masikini, akabaki anaomba radhi.

Eufrasia aliporudi nyumbani hakuigeuza ngazi tena, vidato vikabaki vinatazama juu. Akakaa, akachukua kokwa ya shambani kwake, akaimenya, akangoja mchana. Mvua ikanyesha, ikakatika.

"Arcenio," akaita. "Nilisema vibaya. Rudi."

Palinukia moshi tu, na ndizi jikoni, na vumbi jeupe la tagua magotini mwake. Aliiacha ngazi vile vile usiku kucha, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Harufu ile haikupanda tena.