Mashine Iliyotuliwa Mzigo

Watu wa siku hizi wanabonyeza ukutani, taa inawaka, wanaendelea na ugomvi wao. Mimi Naeku niliuona umeme ulipokuwa bado unahitaji mtu wa kuubembeleza, na mtu huyo alikuwa mume wangu, Saning'o.

Enzi za Mjerumani, miaka michache kabla ya vita, alitunza mashine ya umeme kwenye shamba la mzungu mmoja kando ya mto Themi. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha mashine, nayo mashine ikaendesha msumeno wa mbao na kuwasha taa za nyumba kubwa. Msumeno ukianza kukata gogo, taa zilififia, naye akazungusha mkono wa mashine kuongeza nguvu. Hapo alikuwa hodari.

Tatizo lilikuwa kuuzima msumeno. Siku moja aliuzima ghafla, taa zikang'aa kupita kiasi, globu sita zikaungua, na globu zilitoka Ulaya. Mzungu akasema zikiungua tena, hamsa ishirini. Kila mtu alijua maana yake: viboko ishirini na tano, hadharani.

Saning'o akarudi nyumbani Kimandolu, chakula hakigusi. "Mama Lengai, sielewi. Nimeipunguzia mzigo, nayo inapandwa na wazimu!"

Nikamcheka, Mungu anisamehe. Wanaume wetu wana ng'ombe. Punda ni wa sisi wanawake. "Baba Lengai, punda amepanda mlima na magunia, wewe unamtua tu? Si atatoka mbio! Kwanza mshike kamba, ndipo umtue."

Akainuka, akaenda kulala. Nikadhani nimemuudhi.

Jumamosi wakaja wageni kuonyeshwa umeme, taa zote zikawashwa mchana kweupe, msumeno ukawekwa ukate gogo. Nilikuwa nimepeleka maziwa. Mzungu akapunga mkono msumeno uzimwe. Saning'o akarudisha kwanza mkono wa mashine, taa zikafifia, ndipo akauzima. Taa zikarudi zilivyokuwa. Hakuna iliyoungua.

Mzungu akauliza nani kamfundisha. Wanaume wenzake Saning'o walikuwa wamesimama pale, na mwanamume wa Kiarusha hakuwa akisema mbele ya wenzake kwamba amefundishwa na mkewe. Angesema ni akili yake, nisingemlaumu.

"Mke wangu," akasema, akaninyooshea kidole. "Yule pale."

Walimcheka mwezi mzima. Miaka mingi sasa hayupo, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.