Sanduku Lisilofunguliwa

Askari sita walilishusha sanduku kutoka kwenye lori, wakaliweka kwenye mkeka mbele ya nyumba ya Specioza. Lilikuwa limepigwa misumari ukingo mzima na kufunikwa bendera. Ndani yumo mwanawe, Bwire. Ndivyo walivyosema.

Bwire hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa mtu wa mihogo. Lakini shamba la marehemu baba yake liligawanywa na kugawanywa hadi akabakiwa na matuta machache, na jeshi lilipokuja Masaba kuandikisha vijana, alikwenda. Akapelekwa Somalia. Kila alipopiga simu aliuliza kama mihogo imepaliliwa. Ya vita hakuyataja.

"Fungueni nimwone," Specioza alisema.

"Hapana, mama," afande wao akajibu. "Oda nasema hapana. Tunazika sasa hivi, iko mwingine ya Buteba anangoja."

"Kama uso umeharibika, sawa. Nionyesheni mguu tu, wa kushoto. Alijikata na jembe akiwa mdogo. Ni mimi nilimfunga hiyo kidonda."

"Mama, oda ni oda."

Shemeji yake Bartholomew, ambaye tangu msiba wa kaka yake hakuwahi kukanyaga hapo, alimvuta kando. Leo alikuwa na koti. "Shemeji, usituaibishe. Serikali imemheshimu kijana wetu."

Kwao mtu hazikwi kabla mama yake hajamwona. Specioza alijua hivyo, na Bartholomew alijua. Lakini Specioza alikuwa hajalala tangu habari ilipofika, na hasira ilikuwa imemmaliza nguvu. Akawapisha. Wakazika. Risasi zilipopigwa, kuku wakatawanyika vichakani na waombolezaji wakainama.

Bendera haikushuka kaburini. Askari mmoja kijana aliikunja vizuri, na Specioza akadhani ataletewa yeye. Kijana akampita, akapanda nayo kwenye lori.

Akamfuata. Mle ndani kulikuwa na sanduku jingine, limepigwa misumari vilevile, na kijana alikuwa akilitandazia bendera ileile. Specioza akashika ubao wa lori.

"Fungua na hii."

"Achia, mama. Huyu si wako."

"Umejuaje?"

Kijana akamtazama afande. Afande alikuwa ameshaingia mbele, anamwambia dereva awashe. Basi kijana akainama, akaanza kumbandua mama vidole kwenye ubao, kimoja kimoja, polepole, asije akamuumiza.