Nyimbo za Mama Kwenye Laptopu ya Kanisa

Kukaa nilishindwa. Levi alinipa kiti, nikakikalia kama mtu aliyekalia siafu, nikainuka. Duka lake la kompyuta hapo Migori lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, hapakuwa na nafasi ya mtu kutembea, lakini nilitembea. Pasta Cephas alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kofia magotini, ametulia kama aliyekuja kunyolewa. Aliniambia nitawachosha. Utulivu wake ulinikera kuliko maneno yake.

Laptopu ilikuwa ya kanisa letu la Kisegi. Tuliachiwa na wageni fulani, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa ni mwalimu, na nilichofanya nayo ni kuchapa nyimbo za mama yangu, Kezia. Ni nyimbo za Kisuba, zile wanawake wa zamani walizoimba wakisaga mtama. Baba yangu alikuwa Mjaluo, sisi watoto tukakua na Dholuo, na Kisuba mimi nakisikia cha kuombea maji tu. Kwa hiyo mama alikuwa akitamka polepole, nami nachapa sauti kwa sauti, maneno mengine bila kujua maana yake. Tulizunguka Kisegi yote tukitafuta mtu mwingine anayezijua. Hatukumpata.

Halafu mwaka wa tisini na tisa, mvua zilipoanza, mama akaanguka jikoni. Upande wa kulia ukafa na maneno yakamwisha. Alilazwa Homa Bay. Ukienda anakutazama, anakujua, anafungua mdomo, na hakitoki kitu. Hata maji anayaomba kwa kidole. Daktari alinivuta kando akaniambia kwamba ugonjwa huo ukija mara moja huweza kurudi. Nikaona nimsomee mama nyimbo zake kabla haujarudi. Nilipowasha laptopu nikakuta skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza unaosema haioni Windows.

Ndiyo maana nilikuwa Migori, natembea ndani ya chumba kisichotembeleka.

Levi alitueleza vizuri, sina neno naye. Kulikuwa na ile CD iliyokuja na laptopu kwenye mfuko wake. Ukiiweka, alisema, mashine inarudi kama siku ilipotoka kiwandani, kila kitu kinafanya kazi, na haichukui muda. Lakini inafuta vyote vilivyomo. Njia ya pili ni kuweka Windows mpya kando ya ile iliyoharibika, kwenye folda yake yenyewe, bila kufuta chochote. Hiyo inachelewa, na mashine hutoka kilema, pengine haina sauti, pengine rangi zimekataa. Tena hadi-diski yenyewe, kile chuma cha ndani kinachotunza kila kitu, ilikuwa inakwaruza, tulikuwa tunaisikia, na ingeweza kufa kazi ikiwa katikati.

Akauliza kama tuna kopi. Pasta akajibu tunazo, kwenye flopi, zile diski bapa za plastiki, tulizitoa kabla mlango wa flopi wa laptopu haujaharibika. Nikashusha pumzi. Nikamwambia Levi afute tu, aweke CD yake, mimi nina mgonjwa wa kuona.

Alikuwa tayari ameishika CD alipouliza flopi tunaziweka wapi, maana unyevu wa ziwa huzila. Aliuliza kama mtu anayepitisha wakati.

Pasta akajibu kwa fahari kwamba ziko ndani ya boksi la spika.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu spika ya kanisa inalindwa kuliko sadaka. Kila kukiwa na matanga, vijana wa disko wanakuja kuiomba kwa upole, na inarudi imepasuka. Kwa hiyo Pasta alikuwa amelifungia lile boksi kwa kufuli na ufunguo akauning'iniza shingoni. Panya hawaingii, mwizi haingii. Flopi zetu alikuwa amezibandika kwa selotepu nyuma ya spika yenyewe, kwenye kile chuma cha mviringo, ili zisigongegonge wakati wa mahubiri.

Levi akaiweka CD mezani. Akainama, akatoa spika kuukuu chini ya meza, akachukua flopi yake moja, akatuonyesha kwenye kompyuta yake kwamba inasomeka. Kisha akaigusisha mgongoni mwa spika. Ilinata yenyewe, kile kibati chake kikalia. Akaisugua kidogo, akairudisha kwenye kompyuta. Kompyuta ikauliza kama tunataka kuitayarisha, maana haioni kitu ndani.

"Hiyo ni sumaku, Pastor," Levi akasema. "Zimekaa huko toka lini?"

"Tangu Krismasi."

"Basi madam, hii CD siweki. Nikiiweka, nyimbo za mama zimeenda kabisa."

Nilitaka kumtukana mtumishi wa Mungu. Maneno yalikuwa tayari, ya Dholuo, mazito. Alikuwa ameshika ule ufunguo wa shingoni na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mwalimu," akasema, "niliziweka pale ninapoweka kitu ninachokipenda."

Nikatoka nje. Nikaenda hadi kwa wauza nyanya, nikarudi, nikaenda tena. Hasira ilikuwepo, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa nyimbo zote zilikuwa ndani ya chuma kimoja kinachokwaruza. Niliporudi Levi alikuwa ameanza ile njia ndefu. Mstari wa buluu ukawa unajaa kama mtungi unaojazwa kwa kijiko. Ulipopita katikati, stima ikapotea mtaa mzima. Betri ya laptopu ilikufa zamani. Skrini ikazimika.

Stima iliporudi, Levi hakuguna. Aliwasha, akasubiri, akasema itaendelea pale ilipoachia. Ikaendelea. Mwishowe Windows ikafunguka, maandishi makubwa makubwa, rangi za kuchukiza, sauti hakuna. Akaingia kwenye mafolda ya zamani kwa uangalifu, na faili zangu zikawa pale. Akazichapisha zote kwenye printa yake ya kelele. Nilisoma kila karatasi ikitoka. Ya mwisho, wimbo ulio mrefu kuliko zote, ilikuwa na beti mbili safi, kisha viboksi na alama za ajabu hadi chini. Levi akasema sehemu hiyo ya diski imekufa. Alijaribu tena, ikatoka vilevile.

Tulipita Rongo kuelekea Homa Bay. Sikumwambia Pasta anifuate, wala sikumzuia.

Mama alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Nikamsomea. Matamshi yangu ni mabaya, najua, lakini alifumba macho na kidole chake kizima kikaanza kusukuma shuka mbele na nyuma, kama anasaga. Nilipofika wimbo wa mwisho nikasoma beti mbili, nikakwama. Akafumbua macho.

"Mama, huu umepotea," nikamwambia. "Mashine imeula."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Machozi yakamtoka, na mimi pia. Sikuwa na la kufanya, basi nikaanza wimbo upya kwa kuguna tu, bila maneno, kwa sauti yangu mbovu ya darasani. Nilipofika pale karatasi ilipoharibika, mama akaingia.

Aliimba kwa maneno. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akainua kichwa. Mwanamke ambaye tangu aanguke hajaweza kusema maji, aliimba ubeti wa tatu wote, akaunganisha wa nne, kila neno mahali pake. Pasta Cephas alinitia kalamu mkononi, akashika Biblia yake chini ya karatasi ili nipate pa kuandikia, nami nikaandika sauti kwa sauti kama zamani.

Alipomaliza nikamuuliza kama anataka maji. Akajaribu kujibu. Midomo ikahangaika, maneno yakakataa, akanyoosha kidole kwenye kikombe.

Nikamnywesha. Kisha nikageuza karatasi upande mweupe, nikaanza kuguna wimbo mwingine, ule niliousikia utotoni, ambao hatukuwahi kufikia kuuchapa.